Kubadilisha ganda la seti ya dramu za Premier za miaka ya 1960: shajara ya mradi, Mombasa

6 Januari 2024: Hali ya seti kabla ya kuguswa

Seti ina dramu kubwa ya inchi 20, tomu (dramu ya ukubwa wa kati) ya inchi 12 na tomu ya miguu, inayosimama sakafuni, ya inchi 16, zote za kampuni ya Premier ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1922 na kuhamia Leicester wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ami yangu aliipiga katika bendi za hoteli za pwani ya kaskazini, kisha ikawekwa katika chumba cha uani, nyumba isiyo mbali na bahari. Sinea ya awali, yaani dramu ndogo yenye nyaya chini yake, haipo tena. Iliyopo ni ya chuma na haina ganda, kwa hiyo haimo katika kazi hii.

Ganda, yaani karatasi ya plastiki inayovalishwa mzinga wa mbao, lilikuwa la lulu nyeupe, na sasa limekuwa manjano kama samli. Katika tomu zote mbili kuna nyufa, na karibu kila ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu. Katika dramu kubwa maungio yamefunguka na ukingo wa plastiki umejikunja kwa nje, na tomu ya miguu imekwisha kupoteza kipande cha ukubwa wa kiganja. Mbao, kwa jinsi zinavyosikika zikigongwa, ni nzima.

Sababu ya uharibifu huu inafaa ielezwe mapema, kwa kuwa ndiyo itakayoongoza kila uamuzi utakaofuata. Plastiki za zamani za jamii ya selulosi hupoteza vilainishi vyake kadiri miaka inavyopita, zikawa ngumu na kusinyaa. Mbao nazo, hasa hapa pwani, hufyonza unyevu na kutanuka. Ganda linataka kupungua, mzinga unataka kuongezeka, na mvutano wote huishia mahali pembamba kuliko kwingine, yaani kwenye matundu na kwenye maungio. Ganda jipya likifungwa bila kuachiwa nafasi ya kujongea litakuja kupasuka palepale.

Nimefikiria pia kutolibadilisha. Dramu ambayo ganda lake la awali ni zima, au lina ufa mmoja tu ulio chini ya kishikizo (kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mzinga na kupokea skrubu za kukazia ngozi), ni afadhali iachwe ilivyo, kwa sababu ganda la awali ni sehemu ya historia yake na thamani yake. Hapa, kwa kipande kilichokosekana na nyufa zinazoendelea kurefuka, kuliacha ni kuliacha lizidi kuchanika kila seti inapobebwa. Ami amekubali kwa sharti moja: "Mwanangu, nembo zirudi mahali pake, na lile ganda kuukuu usilitupe lote."

13 Januari 2024: Kufungua, kuweka alama na kupima

Picha zimepigwa kila upande kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Vishikizo vya kila dramu vimewekwa katika mfuko wake, na ndani ya kila mzinga nimeandika kwa penseli namba ya kila tundu pamoja na mshale unaoonyesha mbele. Nembo zimetoka bila kupinda na zimo ndani ya bahasha. Kromu ilikuwa na kutu ya juu juu tu, iliyotoka kwa kusuguliwa na kipande cha karatasi ya aluminiamu iliyochovywa mafuta ya taa.

Kipimo ndicho kinachohitaji uangalifu katika dramu za Premier za wakati huu. Tomu zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 ni kubwa kidogo kuliko kipimo cha kimataifa cha leo, ingawa huitwa kwa inchi zilezile. Mzinga wa kisasa wa inchi 12 huwa na kipenyo cha nje cha takriban milimita 302, lakini huu, nilipouzungushia utepe wa fundi cherehani, ulikuwa na mzunguko wa milimita 961, sawa na kipenyo cha milimita 306. Ule wa inchi 16 una mzunguko wa milimita 1,279. Dramu kubwa ina milimita 1,586 na haina tatizo hilo.

Hii ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba ngozi za kawaida za madukani hazitaingia kwenye tomu hizi, na itabidi ziagizwe zile za kipimo cha zamani, ambazo bado hutengenezwa. Ya pili ni kwamba hakuna nafasi ya kupoteza katika unene wa ganda: plastiki ya nusu milimita huongeza milimita nzima kwenye kipenyo, na pale inapopandana kwenye maungio huongeza zaidi. Anayefanya kazi kama hii asiagize chochote kwa kutegemea jina la dramu. Apime.

27 Januari 2024: Kuitambua plastiki na kuivua

Kabla ya kuvua ganda lolote la zamani ni lazima kujua ni plastiki gani, kwa sababu lulu nyingi za zama hizo zilitengenezwa kwa selulosi nitrati, na hiyo huwaka kwa kasi ya kutisha. Pua husaidia sana. Nilisugua ukingo wake kwa kitambaa mpaka ukapata moto kidogo, na harufu iliyotoka ilikuwa ya kafuri, ambayo ndiyo kilainishi kilichotumiwa kwenye selulosi nitrati. Selulosi asetati, ikianza kuoza, hunuka siki. Kwa kuhakikisha nilichukua kijipande kidogo kuliko ukucha, nikakipeleka uani penye sakafu ya saruji, mbali na kila kitu, nikakishika kwa koleo na kukiwasha. Kilitoweka kwa mwali mmoja mweupe.

Baada ya kuona hivyo, kipulizia hewa ya moto ambacho wengi hukitumia kuvulia ganda hakikuguswa tena. Mizinga ilianikwa juani asubuhi mpaka plastiki ikawa vuguvugu, kisha nikaingiza kisu bapa cha kupakia puti chini ya maungio na kusukuma polepole huku kisu kikilala karibu sambamba na mbao. Kwenye tomu gundi ilikutwa karibu na maungio tu, na ganda lilitoka kama koti. Kwenye dramu kubwa gundi ilikuwa imekauka na kuwa unga, isipokuwa utepe mmoja kwenye maungio ulioshika kwa nguvu na kung'oa nyuzi za mbao.

Nyuzi zilizonyanyuka hazifai kukatwa. Zilipakwa gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti, zikalazwa, zikafunikwa karatasi ya nailoni na kukandamizwa kwa ubao hadi kesho yake. Palipobaki shimo palijazwa puti ya mbao na kusuguliwa kwa msasa namba 180. Usawa wa mahali hapa ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ganda la nusu milimita lenye kung'aa huonyesha kila kivimbe kilicho chini yake.

Mabaki ya plastiki yasiwekwe ndani ya kopo lililofungwa wala stoo yenye joto. Nimebakiza kipande kimoja kizuri cha Ami, ndani ya bahasha ya karatasi, mahali penye hewa na mbali na jiko. Kilichobaki kimelowekwa katika ndoo ya maji kikisubiri kutupwa.

17 Februari 2024: Mizinga

Mizinga ni ya plai tatu pamoja na mikanda ya mbao ya kuimarisha kingo kwa ndani. Mahali pamoja kwenye tomu ya miguu plai zilikuwa zimeachana, zikabanwa kwa gundi nyeupe na vibanio. Kingo zinazobeba ngozi zilikaguliwa kwa kuulaza mzinga juu ya meza ya kioo, taa ikiwa imewashwa ndani, ili mwanga unaopenya uonyeshe palipobonyea. Mwanga ulikuwa mwembamba na sawa kila upande. Kingo hazikuguswa, na sishauri mtu aziguse bila sababu nzito, kwani sauti ya dramu inatoka hapo.

9 Machi 2024: Plastiki ya mabango

Kabla ya kuagiza ganda kutoka nje nilitaka kujua kama kuna kinachofaa hapa mjini. Watengenezaji wa mabango wanauza karatasi ya plastiki nyeupe yenye kung'aa, unene wa milimita 1, ambayo kwa macho inakaribiana na lulu. Nilinunua ya kutosha tomu mbili kwa shilingi 3,200.

Ilishindikana. Ilipozungushwa kwenye mzinga wa inchi 12 ilikubali mpaka karibu robo tatu ya mzunguko, kisha ikavunjika kwa mstari ulionyooka. Ilipoanikwa juani kwanza ilizunguka yote, lakini nilipotoboa tundu la kwanza ufa ulikimbia hadi ukingoni. Hata kama ingestahimili, unene wake ungeongeza milimita 2 kwenye kipenyo cha mzinga ambao tayari ni mkubwa, na hakuna ngozi ambayo ingeingia. Stika za vinili za magari, ambazo fundi mmoja alinishauri, ni nyembamba na hukunjika vizuri, ila hufuata kila mkwaruzo wa mbao na hazina kina kile cha lulu ambacho taa za jukwaani hukichezea. Nimeagiza ganda halisi la dramu, selulosi asetati, lulu nyeupe, unene wa nusu milimita.

Kila karatasi niliiagiza ndefu kuliko mzunguko kwa milimita 40: milimita 25 za kupandana kwenye maungio na 15 za kukatia. Kimo kimepunguzwa ili ganda liishie milimita 3 kabla ya kila ukingo. Kwa dramu ya inchi 20 karatasi isipungue milimita 1,626, na muuzaji aulizwe mapema, maana karatasi ya mita moja na nusu haitafika.

20 Aprili 2024: Gundi na masika

Ganda limefika. Gharama yake, pamoja na mikanda ya lulu ya pete za mbao zinazobana ngozi za dramu kubwa, usafirishaji na ushuru, ni shilingi 31,500. Kwa gharama hiyo hakuna gundi iliyopakwa kabla ya kujaribiwa kwenye vipande vya kukatia na mabaki ya plaiwudi.

Gundi niliyoijaribu ni ile ya mafundi wa fomika na viatu, inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke mpaka isinate kidoleni, kisha pande hizo zikikutanishwa zinashikana papo hapo. Jaribio la asubuhi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, liliharibika kwa namna iliyonishangaza. Gundi ilikauka vizuri, pande zikashikana, lakini siku iliyofuata kipande kilibanduka kwa kuvutwa na vidole viwili, na gundi ilibaki safi upande wake wa mbao na upande wake wa plastiki, kana kwamba hazikuwahi kugusana.

Chanzo ni unyevu. Kiyeyushi cha gundi kinapofuka hupoza uso wa gundi, na hewa ikiwa imejaa mvuke, mvuke huo hugeuka maji juu ya uso uliopoa. Utando huo wa maji ni mwembamba kiasi cha kutoonekana isipokuwa kwa kuinamisha kipande kwenye mwanga, ambapo gundi huonekana imefifia badala ya kung'aa. Anayegusa kwa kidole huona pamekauka, na kweli hapanati, ila kinachozuia kunata ni maji.

Nilinunua kipima unyevu kwa shilingi 1,300, na hakuna kifaa kingine katika mradi huu kilichonifaa kuliko hiki. Alfajiri chumba cha kazi kilisoma asilimia 88, na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, asilimia 64. Majaribio ya alasiri yaliyofanywa kwa gundi ileile yalishika hadi nyuzi za plaiwudi zikang'oka. Kipande ambacho gundi yake ilikuwa imefifia niliweza kukiokoa kwa kukipasha joto kidogo kwa kikaushia nywele mpaka mng'ao ukarudi, kisha tabaka jembamba jipya. Hata hivyo nimeona ni busara kuacha kazi ya gundi mpaka masika yapite.

18 Mei 2024: Mkanda wa pande mbili

Mvua zikiendelea, nilijaribu mkanda wenye gundi pande zote mbili, ambao mafundi wengi wa dramu katika nchi za baridi huuweka kwenye maungio peke yake. Kwenye meza ulishika kwa nguvu ya ajabu. Niliacha mzinga wa majaribio chini ya bati, mahali panapopata joto mchana kutwa, na maungio yakateleza milimita 2 bila kubanduka. Mkanda wa aina hii huhimili kuvutwa kwa ghafla, ila mvuto mdogo usiokoma, kama wa plastiki inayotaka kurudi kuwa bapa, huufanya utiririke polepole ukipata joto.

Jaribio hilo lilizaa njia ambayo nimeitumia baadaye kwa dramu zote. Ganda lisilo na mvuto haliyatesi maungio. Karatasi ikiviringishwa kwa kipenyo kidogo kuliko cha dramu yake, ikafungwa kwa kamba za kitambaa na kuachwa siku kadhaa mahali penye joto la kawaida, hujifunza mviringo. Inapofunguliwa huukumbatia mzinga karibu peke yake.

3 Agosti 2024: Tomu zavaa

Kusi inavuma na alasiri ni kavu. Tomu zote mbili zimevalishwa, kila moja kwa gundi ya fomika kwenye maungio tu. Sikuigundisha mizinga yote kwa sababu mbili: vishikizo vyenyewe hulibana ganda kuzunguka tomu, na mtu atakayehitaji kulivua miaka 50 ijayo ataweza kufanya hivyo bila kung'oa mbao.

Maungio yamewekwa chini ya safu ya vishikizo inayomtazama mpigaji, ili skrubu ziyashikilie na hadhira isiyaone. Ukingo wa ndani wa tabaka la juu ulisuguliwa kwa msasa namba 240, kwa mshazari, mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, hivyo pale ganda linapopandana hapana ngazi inayoweza kukwamisha ngozi. Mwanzo wa karatasi ulibandikwa kwanza na kuachwa usiku kucha. Kesho yake alasiri karatasi ilizungushwa ikiwa imevutwa kwa mkono wa mtu wa pili, na maungio yakafungwa. Kisha nilizungushia mzinga vipande virefu vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wafanyavyo mafundi seremala wetu, navyo vilikandamiza sawasawa kuliko kibanio chochote nilicho nacho. Gundi iliyotoka pembeni husuguliwa kwa kidole gumba ikaviringika na kutoka. Thina isitumiwe kabisa, kwani huyeyusha ganda.

24 Agosti 2024: Dramu kubwa

Njia ya tomu haikufaa hapa. Ganda lilipofungwa kwenye maungio peke yake lilionekana zuri, lakini nilipogonga mzinga kwa ngumi plastiki ilitetema kati ya safu za matundu, mahali ambapo karatasi ilikaa mbali na mbao kwa unene wa kucha. Dramu kubwa hupigwa kwa nguvu kila pigo la kwanza la wimbo, na mtetemo huo ungesikika. Gundi ilikuwa bado mbichi, ganda likatoka salama.

Safari ya pili ganda liligundishwa lote. Uso wote wa mzinga na wa plastiki ulipakwa tabaka jembamba kwa brashi bapa, kipima unyevu kikisoma asilimia 62, na ukaachwa mpaka ukang'aa sawasawa. Kwa kuwa gundi hii haitoi nafasi ya kusahihisha, vijiti vyembamba vya mbao vilipangwa juu ya mzinga ili plastiki isiguse kabla ya wakati, na kila kijiti kikatolewa kwa zamu huku rola ya mpira ikifuata kutoka katikati kwenda kingoni. Kiputo kimoja kimebaki karibu na tundu la mguu wa kushoto. Kilitobolewa kwa sindano, kikapashwa joto kidogo na kukandamizwa, na sasa hakionekani ila kwa anayejua kilipo.

14 Septemba 2024: Matundu

Hapa ndipo nyufa za zamani zilipozaliwa, na hapa ndipo nilipokwenda taratibu kuliko mahali pengine popote. Kila tundu lilitobolewa kwanza kutoka ndani ya mzinga kwa ncha ya milimita 2, ubao mgumu ukiwa umekandamizwa kwa nje ili plastiki isimeguke. Kisha tundu la ganda lilipanuliwa kutoka nje kwa tupa ya mviringo, likazidi kipenyo cha skrubu kwa milimita 1, na ukingo wake ukalainishwa kwa msasa namba 400 uliozungushiwa msumari. Ufa huanzia kwenye kijino kidogo kilichoachwa na ncha ya kutobolea, kwa hiyo tundu lisilo na kijino na lisiloigusa skrubu huliachia ganda nafasi ya kutanuka na kusinyaa pamoja na majira. Vishikizo vinafunika nafasi hiyo yote. Vikaze vya kutosha tu, kwa kuwa kishikizo kilichokazwa kupita kiasi hulifunga ganda tena.

5 Oktoba 2024: Kuunganisha na hesabu

Vishikizo, miguu na nembo vimerudi kwenye namba zake. Ngozi nne za tomu za kipimo cha zamani zimefika kwa shilingi 14,800 na zimeingia bila kusukumwa, hata juu ya maungio. Tomu ya miguu ilipopata sauti yake Ami aliinama na kuikaza skrubu moja zaidi ya nilivyoiweka, akasema sasa ndiyo.

Gharama yote ni shilingi 56,100. Mbali na ganda, ngozi, kipima unyevu na ile plastiki iliyovunjika, gundi ya fomika ilichukua 1,900, gundi nyeupe pamoja na puti na msasa 1,450, mkanda wa pande mbili 850 na rola 1,100. Anayeanza leo kwa kufuata shajara hii ataokoa bei ya plastiki ya mabango na ya mkanda.

Zimebaki pete mbili za mbao za dramu kubwa, ambazo mikanda yake ya lulu imekatwa na imeviringishwa ikisubiri kubandikwa. Vuli ikikaribia sitazigusa. Zitapakwa gundi kaskazi itakapotulia, na maungio ya dramu zote yatapimwa tena kwa rula baada ya masika yajayo, vipimo viandikwe hapa.